Alhamisi ya Kimya

Niliwahi kuwa na mguu wa kushoto uliosimamisha toleka barabarani. Haki ya Mungu! Waendesha baiskeli wale walikuwa wanashusha mguu chini kando ya kiwanja chetu cha Makiso, abiria nyuma analalamika, wao wanataka waone kwanza kama nitafunga. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na kichwa kimevimba kuliko mpira.

Kocha wetu alikuwa karani wa ofisi, mtu wa Isangi, sisi wasichana tulimwita papa, yaani baba. Hakuwahi kuusifu mguu wangu. Kila Alhamisi alituchezesha bila kusema: hakuna kuita mpira, hakuna kelele, hata mtu akikukanyaga. Ukifungua mdomo, unazunguka kiwanja mbio.

"Mutaonana na macho," alisema. "Mutu anaita mupira sababu hajui wenzake wako wapi."

Mimi nilizunguka kuliko wote. Yule mzee alinichosha jamani!

Kisha siku ya mechi na wasichana wa Kapalata, akanitoa wakati wa mapumziko. Tulikuwa hatujafungana. "Leo iko nacheza weye peke yako," akaniambia, basi. Wenzangu wakashinda bila mimi, na hilo ndilo liliniuma zaidi. Kesho yake nikawakusanya wenzangu pale kiwanjani. Nikasema mpira unachezwa na miguu, si na filimbi; alors, magoli anafunga yeye? Tukapiga kura ya kumwondoa papa, kwa kunyoosha mikono. Wa kwanza kunyoosha nilikuwa mimi. Yeye alikuwa amesimama palepale, anatutazama. Akavua filimbi shingoni, akaniwekea mkononi, akaita toleka akaenda zake. Baadaye alistaafu, akarudi kwao Isangi.

Na tulishinda, bon! Mechi mbili za kwanza tulishinda, nikatamba mji mzima. Sikujua kwamba miguu yetu ilikuwa bado inakula chakula alichotuachia. Kilipoisha, kila mmoja akawa anaita mpira wake, watu kumi na mmoja tunapiga kelele kama soko, na mpira unapita katikati yetu. Msimu haukuisha timu ikafa. Wakubwa walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Langu wala halikuvunjika. Lilikosa tu mtu wa kuliambia liende wapi.

Sasa ninayefundisha ni mimi, wasichana kumi na wanne, na filimbi ni ile ile. Wakiniuliza kama kipaji kinatosha, nawaambia kipaji nilikuwa nacho.

Nina hamu ya kumwona yule papa. Nataka anikemee tena, mara moja tu. Mama mmoja anayeleta samaki kutoka Isangi nilimtuma mara tatu: mwambie nilikosa, mwambie aje awaone wasichana wangu. Mara mbili hakumkuta. Mara ya tatu nilimngoja bandarini tangu asubuhi, na aliposhuka tu nikamrukia.

"Alisema nini?"

"Nilimuambia yote, dada. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakusema kitu."

Akanishika mkono kidogo, kisha akainama kupanga samaki wake.

Ilikuwa Alhamisi. Nikatoka bandarini moja kwa moja hadi kiwanjani. Wasichana wakacheza kimya, unasikia nyayo tu na pumzi. Yule mdogo wao, mwenye mguu wa kushoto kama wangu, alikuwa peke yake mbele ya goli, angeweza kupiga. Akainua macho, akamwona mwenzake amekaa vizuri zaidi, akamwachia mpira bila kuitwa. Goli!

"Papa, angalia!" Nilipaza sauti kabla sijajizuia.

Wote wakasimama. Hakuna aliyecheka. Yule mdogo akaninyooshea kidole, kisha akaonyesha ukingo wa kiwanja. Nikavua ndala, nikaanza kuzunguka mbio, huku nalia.