Bibu Nyekundu Uzioni

Juzi, karibu na Edgware Road, huku ughaibuni ninakoishi, niliona bibu nyekundu ya mtoto, kile kitambaa anachofungwa shingoni akilishwa, imetundikwa uzioni. Mtu aliiokota njiani akaiacha pale ili mwenyewe apate kuiona. Papo hapo nikasikia harufu ya ubani na majani yaliyolowa mvua.

Nilikuwa mdogo, Baba yuko masomoni Japani, na mchana mmoja alitutembeza mimi na Mama mahekalu ya Kyoto. Nyuma ya bustani moja tulikuta watoto wa mawe wamepangwa safu, kila mmoja kavaa bibu nyekundu. Nilidhani wanasubiri kulishwa. Sasa najua kuwa huvishwa na wazazi waliofiwa na vichanga.

Mama alichuchumaa, akatoa mkobani kofia ya sufu aliyoifuma mwenyewe, akamvisha mmoja. Niliijua kofia ile. Ilikuwa ya mdogo wangu, ambaye niliambiwa kachelewa tu kuja.

Tulipofika getini nikamvuta baibui.

"Mama, umesahau kofia. Mdogo wangu akija atavaa nini?"

"Twende, mwanangu," alisema, bila kugeuka.

Jana bibu ilikuwa bado pale, imelowa. Leo nimezungukia barabara ya nyuma.