Arap Ngazi Aletwa Lanham

Kamati ya Ushirika wa Lanham, kanisa la wahamiaji huko Marekani, baada ya maombi na chai, imetamka rasmi kwamba filamu za mchekeshaji wa zamani wa Kiingereza, Cecil Bramwick, hazina fundisho lolote kwa mwamini, wala kwa mtu mwingine yeyote mwenye shughuli zake. Tamko hilo lilisomwa kanisani na mwenyekiti, Mzee Phineas Njuguna, kwa sauti ile ile anayotumia kutangaza misiba. Aliongeza kwamba filamu itaonyeshwa Jumamosi kwa mara ya mwisho. Fundisho lisipoonekana, jioni za Jumamosi ukumbini zitapewa semina ya bima ya maisha.

Hakuna aliyegeuka kumtazama Nehemiah Kimutai. Hivyo ndivyo kila mtu alivyojua kwamba anayesemwa ni yeye.

Nehemiah anatunza wazee huko Rockville. Wiki nzima anawaogesha, anawalisha, na anakubaliana nao kwamba rais ni yule wanayemkumbuka. Jumamosi jioni ni yake: huonyesha filamu katika ukumbi wa kanisa, na ndiyo inayomfikisha Jumatatu. Anazo filamu zote za Bramwick, sanduku zima la diski alilotumiwa na binamu yake aliyeko Leeds. Diski za Uingereza hazisomwi na mashine za Marekani, kwa hiyo Nehemiah akaagiza mashine yake ya zamani kutoka Kapsabet, mjini kwao. Mashine ya Kapsabet nayo haiwezani na umeme wa Marekani, kwa hiyo ikanunuliwa transfoma yenye uzito wa mbuzi. Mkewe, Jerotich, huviita vyote hivyo "wakwe", kwa sababu havitembei peke yao na havitulii mpaka vihudumiwe.

Nehemiah alimfahamu Bramwick katika banda la video la Kapsabet, ambako filamu haikuachwa iseme yenyewe. Kando ya skrini alisimama msimulizi na fimbo yake, akiifunika sauti ya filamu kwa Kiswahili na kuwagawia wahusika majina na koo. Bramwick, ambaye kwenye filamu ni msafisha madirisha, aliitwa Arap Ngazi, yaani mwana wa Ngazi, na alikuwa akihangaikia mahari. Nehemiah aliamini hivyo kwa miaka mingi. Alipozipata diski na kumsikia Bramwick mwenyewe, sauti nyembamba kama ya karani wa posta, alihuzunika kidogo. Kisha akaipunguza mpaka ikaisha. Tangu hapo husimulia yeye.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Mzee Phineas aliketi mbele kabisa, mikono kifuani.

"Huyu sasa ndiye Arap Ngazi!" Nehemiah akanguruma, fimbo ya pazia mkononi. "Ameamka mapema kwenda kazini, jameni, na ameomba kabla ya kutoka!"

Kwenye skrini Bramwick alikuwa akiiba maziwa mlangoni kwa jirani.

"Ameomba saa ngapi?" aliuliza Mzee Phineas.

"Kabla filamu haijaanza, Mzee."

Ayanna, Mmarekani mweusi aliyesomea Kiswahili chuo kikuu na anayekizungumza kama kimepigwa pasi, aliinua mkono. "Samahani, ndugu msimulizi. Yeye amefungua kinywa mara moja tu. Mbona wewe umesema sentensi nyingi hivyo?"

"Kiingereza ni lugha fupi, dada Ayanna."

"Mimi nimezungumza Kiingereza tangu kuzaliwa."

"Pole sana."

Filamu ikafika kwenye arusi. Nehemiah alikuwa amejiandaa vizuri: ngazi hii ingekuwa ile ya Yakobo, wageni wangekuwa mataifa, na kamati ingeridhika. Bramwick akaingia hotelini, ngazi begani. Mtu akamwita kutoka nyuma. Akageuka. Ngazi ikafagia kofia za akina mama wote waliokuwa upande wa kushoto. Akageuka tena kuomba radhi, na ncha ya pili ikamchota kasisi ikamlaza kwenye keki.

Hapo Nehemiah akamsahau Yakobo.

"Wueh! Pasta ameonja keki kabla ya kuibariki! Arap Ngazi, toroka! Mahari imepanda!"

Ukumbi ukavunjika mbavu. Mama Chepngetich, mweka hazina, alimpiga jirani yake mgongoni mpaka jirani akahama kiti. Ayanna alicheka bila kusubiri tafsiri. Mzee Phineas hakucheka. Alikuwa akiitazama ngazi.

Taa zikawashwa.

"Ndugu Kimutai," alisema Mzee Phineas, akisimama. "Fundisho."

Nehemiah akaiweka chini fimbo ya pazia. Alimtazama mkewe, ambaye tayari alikuwa ameikumbatia transfoma.

"Mzee," Jerotich akasema, "ukibeba ngazi, usigeuke haraka."

Mzee Phineas akairudisha mikono kifuani.

"Hilo ndilo fundisho?"

"Ndilo."

"Liko wapi kwenye Maandiko?"

"Sijaona lilipokatazwa."

Kamati ikaenda jikoni kushauriana. Ilisikika ikifungua sufuria ya maandazi. Iliporudi, Mzee Phineas alijipangusa midomo, akatangaza kwamba yaliyosemwa na dada Jerotich ni agizo la usalama, si fundisho, na kwamba tamko linabaki kama lilivyosomwa.

Kesho yake baada ya ibada, Nehemiah na Jerotich walikuwa ukumbini wakikusanya wakwe, Nehemiah akizungusha waya taratibu kama mtu anayefunga kidonda. Mzee Phineas akaingia, ngazi begani, kutundika bango la semina ya bima. Alipofika katikati ya meza za chai, Mama Chepngetich akamwita kutoka jikoni.

Mzee Phineas akasimama. Akatazama nyuma kushoto. Akatazama nyuma kulia. Jerotich akataka kusema kitu, Nehemiah akamfinya.

Ndipo Mzee akageuka, polepole sana.