Duka Lililofunguka kwenye Kompyuta Moja

Laiti ningekataa siku ile wenzangu wa kamati ya wakulima, hapa Nshamba, waliponitaka mimi mwenyekiti nitangaze kwamba tovuti yetu ya kuuzia kahawa iko tayari. Nilikubali kwa sababu nilitaka wanachama waache butura, ile tabia ya kumuuzia mchuuzi kahawa ikiwa bado mtini.

Aliyekuwa akiitengeneza ni binti yangu. Alikuwa ameweka seva ndani ya kompyuta yake ili aijaribu kwanza, na alinionya: "Tata, hii inaonekana hapa tu. Hata jirani hawezi kuifungua."

Nami nikasimama baada ya misa, nikasema wanunuzi wa ng'ambo wanaiona. Tangu hapo sikutulia. Nilizunguka mgombani bila kazi, nikishtuka kila simu ilipolia.

Siku chache baadaye watu walijaa uani na simu zao mkononi.

"Mwenyekiti, mbona duka halifunguki? Au hao Wazungu watakuja kuliangalia hapa sebuleni kwako?" mmoja alinicheka.

Mwingine akamgeukia binti yangu: "Umetudanganya, msomi."

Binti yangu alinitazama, akingoja niseme ukweli. Mimi nikaangalia viatu vyangu.

Kazi ile aliimalizia Bukoba, na siku hizi tovuti inafunguka popote. Nikimtembelea ananiamkia kwa heshima, ananipikia, kisha anafunika kompyuta yake. Uenyekiti ninao bado. Nilichopoteza ni imani ya mwanangu, na mpaka leo hajanirudishia.