Siku Jirani Yangu Alipokataa Zawadi

Mimi nina mdomo. Nalisema mapema ili msije mkaniuliza ilikuwaje habari za nyumba ya watu, tena nyumba yenyewe iko India, zikaninyima raha mimi mtu wa Kilimanjaro ninayekaa Evere, hapa Brussels. Zilininyima raha kwa sababu nilikuwa na jirani, na jirani huyo nilimpenda.

Alihamia ghorofa ya juu yetu mwaka tuliobadilishiwa lifti. Siku ya kwanza nilimkuta chini kwenye mashine za kufulia, mwanamke wa Kihindi amevaa sweta juu ya sari, anahangaika na tundu la kutumbukizia sarafu. Nilikuwa nimetoka kazini, kwenye jiko la nyumba ya wazee, nimechoka hoi, nikajisemea kwa Kiswahili kwamba mashine hii ina roho mbaya, haiendi mpaka uipige kofi. Yule mama akaipiga kofi. Mashine ikaanza kuzunguka, nami nikabaki mdomo wazi, jambo ambalo mume wangu anasema hutokea mara chache bila maneno kutoka.

Kumbe miaka yake ya mwanzo ya ndoa aliishi Dar es Salaam. Mumewe alikuwa mtu wa kompyuta. Kampuni ilimpeleka Dar, baadaye ikamleta Brussels. Hawakuwa Wahindi wa kwetu, wale wa tangu enzi za babu. Hawa walikuwa raia wa India hasa, wazaliwa wa Rajasthan. Kiswahili alifundishwa na muuza mboga wa Upanga, kwa hiyo alikuwa bingwa wa kulalamikia nyanya, lakini ukimuuliza ya moyoni alikwama. Kazi ya kumkwamua niliifanya mimi, kwa chai yake ya tangawizi na maandazi yangu, kila Jumamosi nisipokuwa zamu.

Baba yake alipofariki alikwenda msibani, akarudi amekonda. Miezi ikapita. Kisha kaka yake akapiga simu. Walikuwa wawili tu kwa baba na mama yao, na mama alishatangulia zamani. Kaka alikuwa mfanyabiashara wa marumaru. Mwezi wa nane angekwenda Italia kwenye maonyesho ya mawe, na kabla ya kurudi angepitia Brussels kumwona dada yake, ili siku ya uzi iwakute pamoja.

Siku ya uzi nilikuwa naijua. Kwao, kila mwaka dada humfunga kaka yake uzi wa rangi mkononi na kumwombea heri, na kaka humpa dada zawadi na kuahidi kumlinda. Jirani yangu alikuwa anautuma wake kwa posta. Kwa hiyo nikafurahi, nikamwambia vizuri sana, safari hii utaufunga mwenyewe. Yeye hakufurahi. Akasema kaka anakuja pia na karatasi, na siku ya pili yake wana miadi ubalozini kwao ili yeye dada akaisaini mbele ya mtu wa mhuri.

Karatasi gani? Hapo ndipo nilipoelezwa. Zamani, kwa sheria yao, mali ya ukoo ilikuwa ya watoto wa kiume. Halafu, miaka michache kabla ya haya ninayosimulia, sheria ikageuzwa: binti na mwana wakawa sawasawa. Sheria ikageuka, watu wakabaki walewale. Kule kwao baba akifa binti huitwa asaini kwamba fungu lake amemwachia kaka, kwa mapenzi tu. Hashikiwi kisu. Huvishwa sari mpya, akapakwa alama nyekundu kwenye paji la uso, akalishwa vitamu na kusifiwa na ukoo mzima. Shangazi zake wote walisaini. Asiyesaini huitwa mwenye tamaa, na siku akitaka kwenda kwao hakuna wa kumfungulia mlango.

Nilipandwa na hasira, nusura chai imwagike. Nikamwambia haki ya mtu haipotei, sheria yenu wenyewe imesema, wewe unangoja nini? Nikamwambia hiyo sari amrudishie kaka akajifunge mwenyewe. Nikasema mengi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniongezea chai, kisha akaniuliza kwa upole:

"Na wewe dada, kwa baba yako ulipata nini?"

Loo! Kwetu kihamba, shamba la migomba la ukoo, huenda kwa watoto wa kiume, na mimi baba alipokufa nilipewa blanketi lake na kitenge. Na sikuwahi kuliona jambo lenyewe kuwa jambo. Niliona ndivyo dunia ilivyo. Jirani yangu alicheka akaniambia basi tuko shule moja, ila yeye amefika siku ya mtihani.

Tatizo lake halikuwa kutojua haki yake. Aliijua. Tatizo ni kwamba kaka yake alimpenda kweli. Ndiye aliyemfundisha baiskeli, ndiye aliyebishana na baba mpaka dada akaruhusiwa kwenda chuo. Akisaini, anabaki mgeni katika nyumba aliyozaliwa, mtu wa kuja na mabegi na kuondoka nayo. Asiposaini, pengine anabaki na fungu la nyumba lakini hana kaka. Na zaidi ya kaka hakuwa na mtu mwingine kwao. Wiki nzima alikwenda nalo hilo, sokoni, kwenye ngazi, mpaka dukani kwa mkate.

Mimi nikafanya ninachokijua: nikampeleka kwa watu. Nilikuwa nasukwa mtaa wa Ixelles na maman mmoja wa Lubumbashi, mwanamke anayeongea huku ameuma kitana. Nikamketisha jirani yangu kwenye kiti cha pembeni nikaeleza kesi yote. Maman akasikiliza, akanivuta kichwa upande wa pili, akatoa kitana mdomoni. "Bon," akasema, "kaka ni kaka, lakini nyumba ya papa ni ya batoto bote. Alors kaka anamupenda? Dada amuulize." Akarudisha kitana mdomoni akaendelea kusuka. Wateja wengine walikuwa na maoni yao, kwa Kifaransa na Kilingala, na mmoja alitaka kujua kama huyo kaka ameoa.

Kaka akafika. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia kikamilifu, na hilo nalo likanishinda. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, anayekimbilia kubeba mizigo ya bibi wa ghorofa ya kwanza kana kwamba ni jamaa yake. Maandazi yangu aliyala huku amefumba macho. Nikaona basi nami nimkirimu kwa vya hapa, nikawachukua wote mpaka kwenye kibanda cha chipsi, nikamnunulia pakiti kubwa ya karatasi, moto moto. Ameshaweka chipsi moja karibu na mdomo, jirani yangu akamuuliza muuzaji wanakaanga na nini. Muuzaji akajibu kwa fahari kubwa: mafuta ya ng'ombe, kama inavyotakiwa. Mkono wa kaka ukasimama hewani. Mtu ambaye hata yai haligusi, nami nilikuwa nusura nimlishe ng'ombe kwa mkono wangu. Nilitamani ardhi ipasuke. Yeye alicheka mpaka akashika ukuta, na pakiti nikaila mimi peke yangu nikiwa nimewapa mgongo.

Sasa utamchukiaje mtu kama huyo? Nilirudi nyumbani nimekasirika zaidi, maana adui mwenye tabia nzuri ni kazi ngumu.

Siku ya uzi jirani yangu aliniita niwepo. Alisema anataka mtu wa upande wake chumbani, kwa sharti moja tu, ninyamaze. Mumewe alikuwa kazini. Nikaketi kwenye kochi, mikono nimeikalia, mdomo nimeufunga. Kaka alikaa kwenye mto sakafuni, ameoga, amefunika kichwa na leso safi. Mbele yake sinia: taa ndogo, punje za mchele, rangi nyekundu, uzi, na ladu, vile vitamu vya duara vya unga wa dengu. Pembeni, juu ya meza, ile karatasi ndani ya plastiki, na juu yake sari ya kijani imekunjwa vizuri, bado ina lebo ya dukani.

Kabla hawajaanza, kaka akanitazama, akasema kwa Kiingereza kwamba mwanamke aliyemlisha wiki nzima ni dada pia, akaninyooshea mkono. Jirani yangu akanipa uzi mmoja wa akiba. Nikaufunga kwa fundo la mfuko wa mkaa kwa sababu ndilo ninalolijua. Akanipa boksi la chokoleti. Nikawaza, mambo yamekwisha, sasa ni kaka yangu, nitamsemaje? Halafu nikawaza, kaka ndiye anayesemwa kuliko wote. Lakini nilikuwa nimeahidi.

Ndipo jirani yangu akapiga magoti mbele yake. Akampaka nyekundu kwenye paji la uso, akabandika punje za mchele, akazungusha taa, akafunga uzi taratibu, akamlisha ladu. Kaka akavuta bahasha ya zawadi kutoka mfukoni, akaiweka juu ya sari, akamsogezea vyote pamoja, sari, bahasha na karatasi. Alifanya hivyo kwa upendo. Nilimwona usoni, hakuwa na hila hata chembe.

Jirani yangu hakugusa kitu. Akaongea kwa lugha yao, maneno machache, macho chini. Kisha akanigeukia mimi, akayasema kwa Kiswahili, sauti imetulia kuliko nilivyowahi kuisikia.

"Nimemwambia mwaka huu sitaki zawadi. Nataka fungu langu."

Kaka akaniangalia, akamwangalia dada yake, akauliza kitu. Nadhani alitaka kujua kaniambia nini. Kisha akaanza kuongea, si kwa ukali, kwa mshangao tu, na dada yake akawa ananipitishia kipande kwa kipande. Watu watasema nini? Akamjibu watasema ana tamaa, waache waseme, yuko Evere hawasikii. Shangazi wote walisaini. Akajibu shangazi walisaini ili wabaki na kaka. Hapo akaushika mkono wa kaka yake, ule wenye nyuzi mbili, wa kwake na wangu wenye fundo la mkaa. Alilomwambia alilirudia kwangu huku bado anamtazama yeye.

"Namuuliza, nisiposaini, bado ni kaka yangu?"

Mimi nililia. Sioni aibu kulisema. Nililia kwa sababu ndilo swali lenyewe, na mimi kwa kelele zangu zote za haki na sheria sikuwahi kulifikia. Nikawakumbuka kaka zangu watatu kule mlimani ambao sijawahi kuwauliza chochote, pengine kwa kuogopa jibu.

Kaka akainamia mkono wake. Alikaa anatazama uzi, anauzungusha kwa kidole. Nje basi lilisimama kituoni likaondoka. Aliichukua ile karatasi ndani ya plastiki, akaisoma kana kwamba hakuwahi kuisoma, na huenda kweli hakuwahi, maana nani husoma karatasi ya jambo ambalo kila mtu hulifanya? Kisha akaiweka kando, kifudifudi, akasema sentensi moja fupi. Jirani yangu akafumba macho. Nikamgusa bega: anasemaje, jamani, anasemaje?

"Anasema nyumba ina vyumba vinne," akaniambia. "Anauliza nataka kipi."

Akajifuta uso kwa pindo la sari. Akamjibu kaka yake neno moja tu, na hilo hakunitafsiria mara moja, lakini niliona mtu mzima anaruka kwenye mto kama amekalia sindano. Nikamng'ang'ania mpaka akaniambia.

"Nimemwambia chake."

Chumba cha kaka kilikuwa ndicho kizuri kuliko vyote, chenye dirisha la barabarani. Yeye, mpaka anaolewa, alilala na bibi yao karibu na jiko. Kaka akacheka kwa nguvu, akidhani ni utani. Akaona dada yake hacheki. Akaacha kucheka. Akakuna kichwa, leso ikaanguka, akaangalia dari, akaniangalia mimi kana kwamba ningemtetea, mimi niliyekuwa nimekalia mikono yangu na nafsi yangu yote inapiga vigelegele. Mwishowe akachukua ladu kwenye sinia, akamlisha dada yake kama desturi inavyotaka, akanung'unika jambo.

Safari hii jirani yangu ndiye aliyecheka, ladu bado mdomoni, unga unamwagika kwenye zulia.

"Anasema nimpe muda mpaka sikukuu yetu ya taa," akaniambia, "ahamishe vitu vyake."