Mjomba na Ukuta wa Ikulu

Mjomba wangu, kaka wa mama, ni mpiga lipu mwenye ngumi nyepesi kuliko ulimi. Nimemwona akimvunja fundi mwenzake taya kwa sababu ya neno moja la kejeli. Nimemwona pia akichapwa sokoni na kundi zima mpaka shati likabaki kola, naye anainuka huku anauliza nani anafuata. Ugomvi wake karibu wote ulikuwa na chanzo kimoja. Ukisema mbele yake kwamba shemeji yake, yaani baba yangu, alimtoroka mke, basi jiandae kuokota meno yako chini.

Redio ya serikali ndiyo iliyoanza, mimi nikiwa bado nanyonya. Ilitangaza kwamba fundi mmoja ameiba vifaa vya Ikulu na kukimbilia nchi jirani. Majirani, kwa ukarimu wao, wakamwongezea mwanamke wa kukimbia naye. Mama aliyabeba yote. Mjomba alipomwambia kwamba baba ameuawa, tena mbele ya macho yake, mama alimfukuza kwa mchi. "Unamfichia mwenzako!" Tangu siku hiyo hakumsemesha tena. Nadhani aliona afadhali kumchukia mume aliye hai kuliko kumlilia maiti.

Mimi nilimwamini mjomba, kwa sababu kila alipoisimulia habari ile hakubadilisha hata neno. Wanajeshi walikuwa wamempindua rais, na ukumbi mkubwa wa Ikulu ulikuwa umetobolewa kwa risasi kila upande. Watawala wapya walitaka kuwapokea mabalozi humo, kwa hiyo walikwenda kuwabeba baba na mjomba kwenye jengo walilokuwa wakilipiga lipu. Kapteni aliwaambia wafanye kazi kimyakimya. Askari wake walikuwa hawajalala siku kadhaa, na vidole vyao vilikuwa kwenye bunduki muda wote.

Sasa, mpiga lipu hawezi kuziba tundu bila kuugonga ukuta kwanza. Anageuza mwiko wake, anagonga kwa mpini, anasikiliza ni wapi lipu imeachana na tofali. Mafundi wanafanya hivyo bila kufikiri, kama wewe unavyopuliza chai. Baba alijizuia kwenye matundu madogo. Alipofika kwenye lile kubwa, ambalo risasi zilikuwa zimechimba mpaka matofali yakaacha pango, mkono ukamponyoka. Ko, ko, ko. Askari aliyekuwa anasinzia mlangoni akashtuka na kufyatua. Baba akaangukia ukuta aliokuwa anautengeneza.

Kapteni alimpiga mjomba mateke mpaka mbavu zikavunjika, kisha akamwamuru afute damu na amalize kazi. Baba alitupwa kwenye lori kama mfuko wa saruji. Mwiko wake ulibaki sakafuni. Mjomba aliusukumia ndani ya lile pango, akaliziba, akalainisha.

Serikali ilipojenga Ikulu mpya, ile ya zamani ikafunguliwa kwa wageni. Nilimdanganya mama kwamba nampeleka kutazama taa za vioo. Tulipofika getini tulimkuta mjomba, kama nilivyopatana naye, amesimama na shati lililopigwa pasi. Mama akanifinya mkono mpaka kucha zikazama.

"Mko pamoja?" mlinzi aliuliza.

"Huyu mimi simjui," mama akajibu.

Mtembeza wageni alikuwa kijana wa tai, mwenye tabasamu la kukodi. Alituonyesha bafu la gavana wa kikoloni, akatuonyesha kitanda cha rais wa kwanza, kila kitu kimefungiwa kamba. Tulipoingia ukumbini akanyoosha mikono. "Ndugu zangu, katika ukumbi huu madaraka yalibadilishwa bila kumwagika hata tone moja la damu."

Nilitamani kumnyonga kwa ile tai yake. Mjomba alikuwa ameshavuka kamba na anaugonga ukuta kwa kifundo cha kidole.

"Mzee, kuta haziguswi."

"Nakagua kazi yangu, mwanangu."

Ko, ko. Kisha mlio ukabadilika, ukawa wa kitu chenye uwazi ndani. Mjomba akageuka, akanyanyua sanamu ya shaba, kichwa kitupu cha rais mmojawapo chenye masikio makubwa, akaibamiza ukutani. Wageni walipiga mayowe. Akabamiza tena, pua ya rais ikalala upande, na lipu ikaanza kuporomoka vipande vipande.

Walinzi walikuja na virungu. Cha kwanza kilimpata begani, cha pili kinywani, naye bado anabamiza. Mimi nilimng'ata mmoja mkono mpaka nikaonja chumvi, akanitupa juu ya zile kamba. Mjomba alipoanguka walimzunguka na kuendelea kumponda pale pale chini. Kutoka kwenye tundu kikadondoka kipande cha chuma, kikalia sakafuni.

Mama akakiokota. Kilikuwa mwiko wa kupigia lipu, umeliwa na kutu. Mpini ulikuwa umevishwa mpira wa tyubu ya baiskeli, umekauka na kupasuka, lakini mshono wa uzi mwekundu ulikuwa bado unaonekana. Baba alikuwa amekatika ncha ya kidole gumba, na mpini mtupu ulikuwa ukimteleza. Mama ndiye aliyemshonea ule mpira. Aliupitisha mshono ule kwenye vidole vyake taratibu, toka mwanzo mpaka mwisho.

Kisha akamfuata mlinzi aliyekuwa ameinua kirungu, akamchapa kwa ule mwiko kwenye kifundo cha mkono. Kirungu kikaruka.

"We mama! Si ulisema humjui huyu?"

"Ni kaka yangu," mama alisema. "Mguse tena uone."

Akapiga magoti kando ya mjomba. Uso wake mama ulikuwa umeloa.

"Kaka. Ulisema alianguka wapi?"

Mjomba alijaribu kujibu, lakini kinywa kilikuwa kimejaa damu na meno. Akajivuta kwa kiwiko mpaka chini ya lile tundu, akakunja kidole, akagonga sakafu. Ko, ko, ko.

Mama akaenda akakaa pale pale.