Petroli ya Ndege Siku ya Harusi Yangu

Ndugu zangu, mimi ni mzee wa kanisa, nimesimama mbele ya usharika mara nyingi kuwaombea wengine, lakini ipo siku moja ambayo nikiikumbuka huinamisha kichwa, na siyo kwa sala. Ni siku ya harusi yangu, au tuseme siku iliyotakiwa kuwa ya harusi yangu.

Ilikuwa wakati wa Mwingereza, nami nilikuwa dereva wa pikapu ya misheni pale Njombe. Mchumba wangu Eliza alikaa Makambako na mama yake, mjane. Ndoa ilikuwa ifungwe Jumamosi saa tano, na mchungaji alikwisha kusema wazi kwamba saa saba anaondoka kwenda sharika za milimani, harudi mpaka mwezi upite. Kwa kuwa dereva mwingine hakuwapo, bwana harusi mwenyewe ndiye aliyetumwa kumleta bibi harusi (chekeni tu, hata mimi ningecheka).

Ijumaa, kabla sijaondoka, rafiki yangu Yohana, mlinzi wa kiwanja cha ndege, akaniambia kuna petroli ya ndege imebaki kwenye pipa. "Hii ndiyo yule setla, Mzungu wa mashamba, anaitia kwenye gari lake la mashindano," akasema. "Ndege inavuka milima kwa hii, wewe unaogopa vilima vya Makambako?" Nikajaza tangi bila kumwuliza mtu wa misheni, nikaenda zangu nikiimba, na kwa jinsi nilivyoamini, niliona kweli gari limekuwa jepesi.

Desturi yangu ilikuwa kuondoka Makambako alfajiri na kusimama kila kijito kuongeza maji kwenye rejeta. Jumamosi ile nikajiambia mambo hayo ni ya petroli ya kawaida, nikanywa chai ya pili, tukaondoka saa tatu na nusu.

Sasa, kwetu Wabena wakati ule mwanamume hakumtazama mama mkwe usoni wala kumsemesha. Wakikutana njiani, mmoja aliingia majanini mpaka mwenzake apite. Kwa hiyo mama alikaa nyuma, ametupa kisogo, blanketi kichwani, na mbele tulikaa mimi, Eliza na baba yake mdogo, Lazaro, ambaye ndiye aliyepitisha maneno.

"Mwambie mama asihofu," nikasema, "gari leo linaruka."

Lazaro akapaza sauti. Jibu likaja kutoka nyuma: "Mwulize huyo dereva, na kutua anajua?"

Vijito vitatu tukavipita bila kusimama. Kwenye kilima kirefu mvuke ukafuka, gari likakohoa, likazima. Nikashuka na suti yangu, nikafungua mfuniko wa rejeta kwa kitambaa ingali inachemka (mimi, dereva wa miaka minne!), maji ya kutu yakanirukia kifuani. Lazaro akapiga kelele, "Petroli ya ndege inalipuka!" akakimbia mpaka akapotea kwenye kona. Mama akaruka na blanketi lake, akateleza, akaingia kwenye mtaro wa matope.

"Nishikeni jamani!"

Eliza akataka kushuka, gauni likanasa mlangoni. Nikabaki mimi ukingoni, nimegeuza uso, sijui nifanye nini. Wanawake waliotoka shambani wakasimama kutazama. "We bwana harusi, mvute basi, au unangoja mchungaji?" Nikavua koti, nikamtupia mkono wake mmoja nikiwa nimefumba macho, nikavuta. Mkono wa koti ukachanika, mama akarudi matopeni mara ya pili. Wale wanawake walicheka mpaka wakatua vikapu, kisha wao ndio waliomtoa.

Lazaro akarudi, maji tukayachota bondeni, mbali. Tulifika Njombe saa tisa. Kanisa limefungwa, mchungaji amekwenda, wageni wamekwisha kula chakula cha harusi ambayo haikuwapo. Mama akamwambia Lazaro, mbele ya ndugu zangu wote, "Mwambie dereva, mwanangu narudi naye." Wakalala kwa shangazi yake Eliza, na asubuhi wakaondoka kwa miguu.

Jumatatu nilimweleza fundi mmoja mjini. Akatikisa kichwa. "Petroli ile haina mbio zaidi, bwana. Inavumilia kubanwa sana bila injini kugonga, basi. Injini yako haibani hivyo. Haikukusaidia, wala haikukuharibia. Gari limekosa maji tu."

Yaani hata wa kumlaumu sikuwa naye.

Wazee walikwenda Makambako mara tatu kuomba, na Mungu ni mwema, mchungaji aliporudi tulifunga ndoa. Mama alikuja kwa miguu, siku mbili njiani, na hakupanda gari langu tena. Nilimtumia maneno ya kuomba radhi kupitia kwa Lazaro, na Lazaro alisema yamefika, lakini desturi haikuniruhusu kuyasema mwenyewe, na mama alifariki kabla desturi haijalegea. Tangu siku ile natia petroli ya kawaida, naondoka alfajiri, nasimama kila kijito. Nikiinama kuchota maji, huwa namwomba radhi pale pale, nimegeuza uso.