Usafi wa Ijumaa wa Nyanchoka

Mjini Migori hakukuwa na mpiga chapa hodari kama Nyanchoka, wala mtu wa usafi wa kuchosha kama yeye. Mimi nilikuwa na duka la redio na kompyuta mlango wa pili, na kila Ijumaa alinifukuza kwa ufagio hata kwenye baraza yangu mwenyewe. Ni Msabato: jua likizama kazi imekwisha, na kila kitu lazima kiwe mahali pake.

Ijumaa moja ya mwaka 1996, saa kumi na moja jioni, aliniita kwa sauti iliyonitisha.

"Issack, kuja! Hii mashine imekataa kuwaka."

"Umeifanyia nini, dada?"

"Nimepanga tu. Vitu zilikuwa zimetapakaa."

Nikaelewa, na nikakasirika. Diski ya kompyuta yake nilikuwa nimeigawa sehemu mbili: C ya kuwashia mashine, D ya kazi zake. Kompyuta ikiamka haijui lolote. Kijiprogramu kilichoko mwanzoni mwa diski huielekeza C ikachukue faili za kuwashia, na haitafuti kwingine. Basi bibie, kwa kupenda usafi, alikuwa amehamishia D kila faili aliyoiona C.

"Fundi Masese wa Homa Bay ameniambia kwa simu nifute diski yote, tuanze upya."

"Usithubutu! Una nini humo ndani?"

Akakaa chini. "Maneno ya nyanya. Daftari ilinyeshewa, nikatupa."

Nyanya yake, Nyamoita, alikaa kando ya mashine hiyo wiki tatu akisimulia maisha yake kwa Kikisii, mjukuu akiandika daftarini kisha akipiga chapa. Tulimzika Aprili. Hasira zikaniisha.

Nikaiwasha mashine kwa disketi yangu yenye faili zake za kuwashia, nikaingia D. Kila kitu kilikuwemo, kimepangwa kama vyombo kabatini. Nikarudisha C faili za kuwashia, nikatoa disketi, nikazima, nikawasha tena. Nyanchoka alikuwa amefumba macho. Ikawaka.

Jua lilikuwa limeshagusa mabati ya ng'ambo.

"Nifungulie ukurasa mmoja tu," akaniomba.

Nyanchoka huandika kila neno analosikia, hata lisilohusika na masimulizi, kama lile aliloambiwa na nyanya kabla ya kuanza. Akanifasiria mstari wa kwanza kwa Kiswahili, machozi yakimtoka: "Usiharakishe, mjukuu wangu. Mimi siendi popote."